Usiku Uleule, Pati Tu: Hotuba Kuhusu Halloween II

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni pale Sinza, kwenye mkutano wa vijana wanaoandika na kushuti filamu fupi, pamoja na wazee wachache waliotuheshimu kwa kufika. Waliokosa wameomba yawekwe yote, nami nimeyaweka kama yalivyosemwa. Vipande vya filamu tulivyovitazama ukutani nimeviruka.

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, vijana wa kamera na vijana wa kalamu, habari za jioni. Mliosimama mlangoni sogeeni, mkeka upo hapa mbele, msione haya.

Niliombwa nije nizungumzie filamu ya kutisha, nikaambiwa nichague iliyo bora kuliko zote. Nimekataa. Iliyo bora kuliko zote ina watetezi wengi. Mimi nimekuja na filamu yenye kasoro, kasoro za wazi, ambazo hata mtoto wa darasa la tano atakuonyesha kwa kidole, na bado naipenda. Niliipenda nikiwa kijana, naipenda sasa nikiwa na mvi. Inaitwa Halloween II. Ilitoka Marekani mwaka 1981. Nataka tuzipitie kasoro zake bila kuzifunika, kwa sababu naamini kila palipovuja pana nafasi ya mmoja wenu kuingia na kutengeneza filamu yake.

Kwa wasioijua, nianze na ya kwanza, ya mwaka 1978. John Carpenter aliiongoza, akaiandika pamoja na Debra Hill, kwa dola zipatazo 300,000, ambazo kwa Marekani hata wakati ule zilikuwa fedha za kubana matumizi. Barakoa ya muuaji ilinunuliwa dukani chini ya dola mbili, ilikuwa sura ya nahodha wa kwenye tamthilia ya anga za juu, wakaipaka rangi nyeupe, wakapanua matundu ya macho. Basi. Hiyo ndiyo sura iliyowatisha watu dunia nzima.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mji wa kubuni, Haddonfield, jimbo la Illinois. Usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambapo watoto wa kule huvaa barakoa na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi. Michael Myers, aliyemuua dada yake akiwa na umri wa miaka sita, ametoroka hospitali ya wagonjwa wa akili na amerudi nyumbani. Hasemi. Hakimbii. Anatembea tu. Binti mmoja, Laurie Strode, anawindwa mpaka dakika za mwisho, ndipo daktari wa yule mgonjwa, Loomis, anapotokea na kumpiga adui risasi sita. Anaanguka kutoka ghorofani. Daktari anachungulia chini, kwenye majani. Hayupo.

Hapo ndipo ilipoishia. Sasa nawauliza: mtu akikuachia hapo, utalala?

Sisi watu wa Dar tunaijua pati tu, yaani sehemu ya pili ya filamu, kuliko watu wengi. Bongo muvi zilipokuwa zinauzwa kwenye diski, filamu moja ilikatwa vipande viwili, pati wani na pati tu, kila moja na kava lake na bei yake. Unanunua pati wani Kariakoo, unapanda daladala, unafika Mbagala, unawasha deki, na pale mke anapofungua mlango wa chumba, maandishi yanapanda: itaendelea. Tulilalamika sana. Lakini tulinunua.

Pale mtaani kwetu Tandale alikuwapo mama mmoja muuza vitumbua. Siku moja alinunua pati tu peke yake, kwa sababu pati wani ilikuwa imemalizika dukani. Aliitazama usiku. Asubuhi, huku anageuza vitumbua, akawa anatuhadithia pati wani ambayo hajaiona! Nani alimwoa nani, nani alimdhulumu nani, yule mtoto ni wa nani. Alikuwa ameijenga mwenyewe kutokana na machozi ya pati tu. Baadaye pati wani ilipopatikana, tuliitazama pamoja naye, na sehemu kubwa alikuwa amepatia.

Mwendelezo mzuri hufanya hivyo. Hubeba kilichotangulia bila kukuketisha chini kukusomea historia. Halloween II inaanza kwa kurudia mwisho wa ya kwanza, risasi zilezile, dirisha lilelile, halafu inavuka mlango na kuendelea dakika ileile. Hakuna maandishi ya "miaka mitatu baadaye". Usiku uleule! Damu ya Laurie bado mbichi. Jirani anatoka nje kulalamikia kelele, na Loomis anamjibu kwamba yeye jirani hakijui kifo ni nini.

Kwa watengenezaji, lakini, miaka mitatu ilikuwa imepita kweli. Jamie Lee Curtis alikuwa amekata nywele, ikabidi avae wigi. Carpenter hakutaka kuiongoza, akamwachia Rick Rosenthal, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ndani ya barakoa sasa alikuwamo Dick Warlock, mtu wa kazi za kuanguka na kuungua, badala ya Nick Castle. Mwendo umebadilika. Wa Castle ulikuwa mwepesi, na aliweza kuinamisha kichwa upande mmoja kama anayeshangaa. Wa Warlock ni mgumu, wa hatua nzito zisizobadilika. Wapo wanaouchukia. Mimi nauona ni mwendo wa mtu aliyekwisha kupigwa risasi na hajali tena. Kilichowaokoa watazamaji wasichanganyikiwe ni mpiga picha, Dean Cundey, aliyekuwa yuleyule. Giza ni lilelile. Ukiziunganisha filamu mbili hizi, jicho lako halijikwai.

Kwa hiyo msione aibu na pati tu, vijana wangu. Aibu iko kwenye kuikata filamu moja vipande viwili ili uuze mara mbili. Mwendelezo wenye jambo la kusema una haki yake.

Sasa tuingie hospitali.

Laurie anapakiwa kwenye gari la wagonjwa na kupelekwa hospitali ya Haddonfield. Na hapo, ndugu zangu, filamu inakuwa nzuri na mbaya kwa pamoja. Hospitali ile ni tupu. Ina muuguzi mkuu, manesi wachache, mlinzi mmoja, vijana wawili wa gari la wagonjwa, daktari aliyetoka sherehe akiwa amelewa, na wodi ya watoto wachanga. Wagonjwa wengine wako wapi? Taa kwa nini hazijawashwa? Mlinzi amekaa mbele ya skrini, adui anapita kwenye skrini hiyo, haoni. Manesi wanapotea mmoja mmoja, na hakuna anayeuliza fulani kaenda wapi.

Fikirieni hospitali zetu. Fikirieni Muhimbili, Amana, Mwananyamala, saa ya kuona wagonjwa. Unapita ubavu ubavu. Mtu amebeba hotpoti ya uji, mwingine chupa ya chai, mwingine kanga za mzazi. Mgonjwa mmoja ana ndugu saba: mmoja katoka Kigoma, mmoja katoka Tanga, mmoja hamjui mgonjwa kabisa ila kamsindikiza mwenzake. Usiku ukifika, wapo watakaolala nje kwenye baraza ili alfajiri wawe wa kwanza kusikia hali. Michael Myers angeingia pale na kisu chake angeulizwa na akina mama watatu kabla hajafika kwenye korido: "Baba, unamtafuta nani? Wodi gani?"

Kwa hiyo hospitali ile ni uongo. Nakubali. Lakini ni uongo unaofanya kazi, nami nataka mwelewe kwa nini. Hospitali imejengwa kwa ajili ya watu wengi. Korido ni pana kwa sababu ya machela. Milango ni mingi kwa sababu ya wodi. Ukiwaondoa watu, upana ule unabaki, milango ile inabaki, na akili yako inaanza kuwatafuta wasiokuwapo. Kila mlango unaoupita unautilia mashaka. Rosenthal na Cundey wanalijua hilo, na wanamsimamisha adui mwisho wa korido, mbali, mdogo, hana haraka. Nyumba za Haddonfield katika filamu ya kwanza zilikuwa na makabati ya kujifichia. Korido haina pa kujificha.

Walionisikiliza siku nyingine wanajua nitakakokwenda. Waliokulia Dar miaka ya 90 mnaikumbuka sauti ya Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, aliyewatafsiria watu muvi za nje mpaka wakahisi zimetengenezwa Temeke. Kila mtaa ukapata mtafsiri wake. Wa kwetu alifanya kazi kwenye kibanda umiza kimoja Manzese, mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, televisheni moja juu ya kreti. Alikuwa hanyamazi. Steringi akinywa maji, atakwambia maji hayo ni ya kisima. Ndiyo kazi yake, na aliifanya kwa heshima.

Siku waliyoweka Halloween II aliongea mpaka ikafika sehemu ya beseni la maji moto. Wazee mtanisamehe. Nesi mmoja, Karen, yuko kwenye beseni la tiba na mpenzi wake, kijana wa gari la wagonjwa. Maji yanazidi kupata moto. Kijana anakwenda chumba cha pili kurekebisha kipimo. Kupitia kioo chenye ukungu tunaona kivuli chake, halafu kivuli cha pili. Kisha mkono unamshika nesi begani, naye anadhani ni mpenzi wake. Hageuki. Anauchezea ule mkono. Sisi tunajua, yeye hajui.

Yule mtafsiri alisema, "Sasa hapa..." Akanyamaza. Hakuna aliyekuwa anaongea kwenye skrini, hapakuwa na cha kutafsiri, na hakupata la kuongeza. Kibanda kizima, watu waliozoea kupiga mluzi na kumtukana adui, kimya. Kile kipande kilikuwa kimefika Manzese chenyewe, bila msaada wa lugha.

Mnalisikia hilo? Nimesoma skripti zenu. Nyingi ni maneno. Mtu akiogopa anasema "naogopa". Akisikia mlango anasema "nani huyo mlangoni?" Ondoeni. Jaribuni kuandika kurasa tatu ambazo mtafsiri wa Manzese angekosa cha kusema.

Na bado kipande kilekile kina kasoro: adui anamzamisha nesi kwenye maji yale mpaka ngozi inamchubuka. Beseni la hospitali linaloweza kumchubua mtu ngozi? Fundi bomba yeyote atakataa. Filamu haikuhitaji kwenda mbali hivyo. Ule mkono begani ulitosha. Hapa ndipo inapobidi tutaje damu. Mwaka 1980 ilikuwa imetoka Friday the 13th, ikamwaga damu nyingi na kuingiza fedha nyingi, na kila mtayarishaji akaanza kuangalia mfuko wake. Rosenthal alipomaliza kuunganisha toleo lake, Carpenter aliona halitishi vya kutosha, akarudi mwenyewe kushuti vipande vya kuongezea ukatili. Ukitazama kwa makini unaona mikono miwili katika filamu moja: mmoja unasubiri, mwingine hauna subira. Ilitengenezwa kwa dola milioni 2.5 na ikaingiza zaidi ya milioni 25 Marekani, kwa hiyo kibiashara hakuna aliyemlaumu. Mhakiki Roger Ebert aliipa nyota mbili, wakati ya kwanza aliipa nne kati ya nne. Kwa damu ile, ningempa haki. Kwa korido zile, hapana.

Steringi hafi. Sote tumekua na sheria hiyo. Lakini je, steringi analala?

Curtis, aliyekuwa roho ya filamu ya kwanza, hapa amelazwa kitandani kwa muda mrefu mno. Maneno yake yanahesabika. Anapofikishwa hospitali anawasihi wasimchome dawa ya usingizi. Wanamchoma. Hakuna aliyemsikiliza. Ningependa filamu ingekaa hapo zaidi, kwenye mwanamke aliyetoka kuponea chupuchupu, anayejua anachokisema, na kila mtu mwenye koti jeupe anamwambia apumzike. Wangapi hapa wana dada au mama aliyesema "naumwa hapa" akajibiwa apumzike? Hofu hiyo ni yetu, haina haja ya barakoa. Filamu inaigusa, halafu inaiacha imelala naye.

Anapoamka, hata hivyo, anainuka kweli. Adui anaingia chumbani, anachoma shuka, chini ya shuka kuna mito. Binti ameshatoka. Anachechemea kwenye korido, anashuka chini, anajipenyeza kwenye kidirisha, anafika kwenye maegesho ya magari. Matairi yamekatwa. Anatambaa chini. Na hapo gari linaingia, daktari Loomis na wenzake wanashuka, wanapita hatua chache kutoka alipo. Anafumbua mdomo kuwaita. Sauti haitoki. Wanaingia ndani, mlango unafungwa, ndipo sauti inapotoka, na nyuma yake adui anakuja na mwendo wake uleule.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, hakupenda muvi za kutisha. Alikuwa anapita tu sebuleni na sinia la mchele anaochambua. Alipoona kipande kile alisimama. Akaanza kumwita yule daktari: "Geuka, baba! Geuka! Mtoto yuko hapo chini!" Alipaza sauti mpaka majirani wakachungulia. Halafu akakaa. Mchele haukuchambuliwa tena usiku ule, na aliitazama mpaka mwisho, mpaka chumba cha upasuaji, mpaka gesi, mpaka moto.

Nimetazama filamu nyingi zenye skripti safi kuliko hiyo, zilizonyooka, zisizo na wigi baya wala hospitali tupu. Hakuna hata moja iliyomfanya shangazi yangu amwite mtu aliyeko Marekani.

Sasa nifike kwenye kasoro kubwa, ile ambayo wapenzi wa filamu hizi wanabishania mpaka leo. Katikati ya usiku, ndani ya gari, muuguzi anayefanya kazi na Loomis anamfichulia siri iliyofungiwa kwenye faili la serikali: Laurie ni mdogo wake Michael Myers. Wazazi walikufa, mtoto akalelewa na familia ya Strode, kumbukumbu zikafungwa. Ndiyo maana anamfuata.

Katika filamu ya kwanza hakukuwa na "ndiyo maana". Laurie alipita mbele ya nyumba ya akina Myers asubuhi, akaweka ufunguo mlangoni kwa kutumwa na baba yake, na mtu aliyekuwa ndani akamwona. Kwisha. Angeweza kuwa binti yeyote, wa mtaa wowote, aliyetumwa na baba yake. Kwa hiyo kila binti aliyeitazama aliogopa kwa haki. Pati tu inamwambia binti huyo: tulia, wewe si ndugu yake, hakufuati.

Carpenter mwenyewe amesimulia kwamba aliandika skripti ile usiku, bia mezani, akiwa amekwama kabisa, na wazo la udugu likamjia humo. Baadaye hakulifurahia. Filamu ya mwaka 2018, iliyoongozwa na David Gordon Green, ililifuta moja kwa moja; humo kijana mmoja anasema ni jambo ambalo watu walilizua tu.

Na sisi je? Mwongozaji Mussa Banzi alipotuletea filamu za Nsyuka na Shumileta, miaka ile ya mwanzo ya 2000, alithibitisha kwamba tunaweza kutishana kwa majini yetu wenyewe, kwa Kiswahili chetu. Heshima yake haifutiki. Lakini filamu zetu nyingi zilizofuata zina ugonjwa wa kueleza. Mzimu ukitokea tu, dakika kumi baadaye tuko kwa mganga, mganga anatazama tunguli zake, na tunapelekwa miaka ishirini nyuma: shamba la urithi, mke mkubwa, kiapo kilichovunjwa. Mzimu unakuwa mdai. Anadai chake, alipwe aende zake. Mdai utamkwepa, lakini utamwogopa?

Hata hivyo, hapa naachana kidogo na wahakiki wa Marekani. Wao walisema udugu umeharibu kila kitu. Mimi niliitazama na watu wa Manzese, na muuguzi aliposema lile neno, kibanda kiliguna. Waliguna kwa kutambua. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwetu anayekumaliza huwa anajua jina lako la nyumbani, amekula kwenye sinia lenu, amekubeba ukiwa mchanga. Wazo la kaka anayemfuata mdogo wake limebeba woga mkubwa sana kwa mtu wa pwani, na kwa mtu wa bara pia.

Kosa la filamu ni kulitaja halafu kulipita. Linasemwa garini kama taarifa ya habari, na safari inaendelea. Mara moja tu, mwishoni, Laurie anamwita: "Michael." Na yeye anasita. Anainamisha kichwa. Kitambo kifupi sana. Ndani ya kitambo kile imo filamu nzima ambayo hawakuitengeneza: mdogo mtu anamwita kaka yake kwa jina. Kisha Laurie anampiga risasi machoni, na inakuwa ni moto na mlipuko, ambao, sitaficha, ni mlipuko mzuri.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonileta.

Mwanzoni mwa filamu, Loomis na polisi wanazunguka mitaani kumtafuta adui. Wanamwona mtu amevaa barakoa nyeupe, anatembea peke yake. Loomis anatoa bastola. Mtu yule anarudi nyuma, anaingia barabarani, gari la polisi linakuja kwa kasi, linamgonga, linambamiza kwenye gari jingine, moto unalipuka. Anaungua mbele yao. Alikuwa kijana wa shule, amelewa kidogo, anarudi kutoka kwenye sherehe. Jina lake Ben Tramer. Waliotazama ya kwanza wanalijua jina hilo. Ndiye kijana ambaye Laurie alimpenda kimoyomoyo, akamwambia rafiki yake kwa aibu kwamba angependa watoke pamoja.

Usiku huohuo watu wa Haddonfield wanakusanyika mbele ya nyumba ya akina Myers na kuanza kuirushia mawe. Nyumba tupu. Hakuna mtu ndani.

Mji wa kistaarabu, wa watoto na pipi, umegeuka umati kwa saa chache. Na filamu inafanya nini na hayo? Inayapita! Kijana ameungua, wanatafuta rekodi za meno, jina linapatikana, tunarudi hospitali. Hii ndiyo kasoro inayoniuma kuliko wigi, kuliko beseni, kuliko udugu.

Wazee mnaukumbuka mwaka 1995. Popobawa, yule jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani. Ilianzia Pemba, ikaja Unguja, uvumi ukavuka bahari mpaka huku Dar. Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto, wanaume wazima hawataki kuingia ndani. Mjini Zanzibar mtu mwenye matatizo ya akili aliuawa na umati, kwa kudhaniwa ndiye Popobawa. Alikuwa mtu, mtoto wa watu. Na nani hapa hajawahi kusikia, akiwa dukani, akiwa kituoni, ile sauti moja ikipigwa, "Mwizi!", na miguu ikianza kukimbia? Nani hajaona tairi likiletwa kabla ya swali kuulizwa?

Ndugu zangu, muuaji wa Haddonfield aliua kwa kisu, mmoja mmoja, kwa mwendo wa taratibu. Ben Tramer hakuuawa naye. Aliuawa na watu wema waliokuwa na hofu. Filamu iliishika hofu hiyo mkononi, hofu kubwa kuliko barakoa, ikaiweka chini kwa sababu ilikuwa inawahi korido. Sisi hatuna haja ya kuwahi korido. Sisi tunaijua barabara ile, tunawajua waliookota mawe, tunakutana nao sokoni kesho yake na kusalimiana.

Hatuoneshwi mama yake Ben akipigiwa simu. Hatuoneshwi Laurie akiambiwa. Filamu inaisha asubuhi, yuko ndani ya gari la wagonjwa, uso wake umeganda, na kijana aliyempenda ameshakuwa majivu bila yeye kujua.

Nataka mmoja wenu aandike hiyo. Dakika kumi na tano. Mtaa wowote: Tandale, Vingunguti, Kigogo, popote unapopafahamu. Anzieni pale umati unapotawanyika na kila mtu anafuta mikono, na kijana fulani anatambua kiatu. Msinieleze nani aliyepiga kelele ya kwanza, wala kwa nini. Kamera ipo, taa mbili zipo, na mwenye kiwanja pale nyuma amekubali tushuti usiku. Skripti nazipokea mpaka mwisho wa mwezi.